Gari Lililokaa Eda

Mwanangu alimwacha mkewe kwa talaka moja, bila kelele, baada ya ndoa ambayo Mungu hakuijaalia mtoto. Sababu sitazieleza. Baadhi nazijua, nyingine sikuambiwa wala sikuuliza, na zote zimekwisha pita. Ninalotaka kulieleza ni jambo la gari, kwa kuwa nilikuwa mmoja wa wawili waliotakiwa kulihukumu, na kwa kuwa huku kwetu Likoni watu wengi huingia katika mikataba kama ule wakatoka bila kujua walichokuwa wameshika.

Mwanangu na mkewe walikaa ndani ya ua wangu, katika vyumba nilivyomjengea mwanangu alipooa. Talaka ilipotoka, jamaa za mwanamke walikuja kutoka Mtongwe kumchukua yeye na vyombo vyake, kama ifanywavyo siku hizi. Niliwapa viti, nikawapa maji, nikawakatalia kwa adabu. Mwanamke aliyeachwa talaka ya rejea, ambayo mumewe bado aweza kumrudia, hukaa eda katika nyumba ya ndoa. Hafukuzwi, wala hatoki kwa hasira. Hilo nimewasomesha watoto wa chuo cha dini umri wangu wote, na sikuona kwa nini lisifuatwe uani kwangu. Basi mkaza mwanangu akabaki, na mwanangu ndiye aliyefunga nguo zake akaenda kupanga chumba Changamwe, karibu na ghala anakofanya kazi.

"Sijaona mume akihama na mke akabaki," mke wangu alisema.

"Hujaona mtaani," nikamjibu. "Kwenye sheria limo tangu zamani."

Gari nalo likabaki. Lilikuwa gari dogo jeupe la mizigo, la viti viwili mbele na nafasi ya masufuria nyuma. Mkaza mwanangu ni mpishi. Anapika pilau, chapati, maharagwe ya nazi na viazi vya karai, na chakula chake huliwa na makuli na madereva wa malori kule Changamwe. Kabla ya gari alikuwa akivuka feri na ndoo zake, kisha akitafuta tuk-tuk ng'ambo ya pili, na mara nyingi alifika wali ukiwa umepoa na wateja wakiwa wamekwisha kula kwa mwengine. Barabara ya Dongo Kundu ilipofunguliwa, mtu mwenye gari aliweza kutoka Likoni akafika Changamwe bila kuiona feri. Yeye ndiye aliyeliona hilo kabla yetu sote. Lakini benki humtaka mwenye karatasi ya mshahara, na mpishi wa ndoo hana karatasi hiyo. Mwanangu alikuwa nayo. Kwa hivyo mkataba ukaandikwa kwa jina la mwanangu.

Siku gari lilipoletwa mwanangu alialika watu wachache baada ya alasiri. Palikuwa na halwa na kahawa. Alimpa mkewe ufunguo mbele yetu akasema, "Gari hili nimekupa, ni lako." Mwanamke akapokea, akasema amekubali. Mimi nikaomba dua, watu wakaitikia amin. Mjomba wa mwanamke, mwashi mstaafu wa Mtongwe, mtu wa maskhara, alilizunguka gari akiyapiga magurudumu teke, akamwambia mpwa wake, "Usije ukatupita njiani ukafunga vioo."

Hiba, yaani zawadi, ilikuwa na mtoaji, mpokeaji, kitu na makabidhiano. Kuhusu mkataba wa benki, tulichosikia ni kwamba ni halali, hauna riba. Neno hilo likatutosha. Tulikuwa watu wazima, na miongoni mwetu walikuwamo waliosoma, na hakuna aliyeuliza lile gari ni la nani. Tangu mwezi ule mwanamke akawa analipa benki kwa simu yake mwenyewe, kutoka kwenye mauzo ya chakula.

Siku chache baada ya talaka mwanangu alikuja asubuhi, akabisha hodi, akanisalimu shikamoo.

"Baba, nimekuja kuchukua gari."

"Gari la nani?"

"Langu. Benki linajulikana jina langu. Huyu akiacha kulipa, hatatafutwa yeye. Nitatafutwa mimi, na nikiandikwa kuwa mdaiwa mbaya sipati tena mkopo wa hata kujengea choo."

Mkaza mwanangu alikuwa kibarazani akimenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Baba," akaniambia mimi, ingawa maneno yalikuwa ya mwengine, "mwambie mwanao kwamba aliyetapika hali matapishi yake. Alinipa mbele ya watu. Na wewe ulikuwapo."

"Nilikuwapo," nikasema.

Sikuwa na hukumu ya kutoa papo hapo, na kila mmoja alikuwa na neno la haki. Nikawaambia waniachie ufunguo uwe amana mpaka jambo litazamwe. Wakakubali, mmoja kwa kunung'unika na mwengine kwa kunyamaza. Nami nikawaeleza kwamba amana haitumiwi. Anayeiweka haendi nayo hata msikitini.

Watu walidhani natania. Gari likakaa pale uani, likala vumbi, na kuku wakaanza kutagia chini yake. Jirani aliyekuwa na mgonjwa wa jino aliomba apelekwe tu hospitali na kurudi, nikampa nauli ya tuk-tuk. Mke wangu, ambaye magoti yanamsumbua, alilitazama kila tulipotoka kwenda arusini, akaguna. Nami nilimshukuru Mungu kwamba hakwenda mbali zaidi ya kuguna.

Mkaza mwanangu akarudi kwenye feri na ndoo. Aliondoka alfajiri, akarudi mchana na chakula kilichobaki, na kila siku kilichobaki kilizidi. Mwanamke mwengine alikuwa amekwisha weka meza kwenye lango la ghala moja na kuanza kuwauzia wateja wake. Jioni moja, baada ya magharibi, mkaza mwanangu alikuja akakaa kwenye mkeka karibu na mke wangu.

"Baba, mimi sikatai kusubiri. Lakini tumbo la kuli halisubiri."

"Najua, mwanangu."

"Na malipo ya benki yamefika. Nilipie nini? Banda la kuku?"

Mke wangu akacheka, naye akacheka, kisha akajifuta macho kwa pembe ya leso. Nikamwambia alipe kama anaweza, maana benki haitaingia katika ugomvi wetu. Akalipa.

Sheria yetu ina njia kwa mambo kama haya. Hutafutwa hakamu wawili, mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke, wakae wasikilize. Upande wa mwanangu nilitakiwa mimi. Upande wa mwanamke alikuja yule mjomba wake, kwa kuwa kwa Wadigo mjomba ndiye mwenye neno. Aliingia uani, akalitazama gari, akaondoa kofia.

"Maalim, nasikia hapa kwako hata magari yanakaa eda."

"Yanakaa."

"Na hili likimaliza, litaposwa na nani?"

"Ndilo tulilokuitia."

Tukakaa. Yeye alisema palikuwa na hiba, na mume aliyempa mkewe kitu hakirudishi. Mimi nilikuwa na rai hiyo hiyo, na kusema kweli ilinipumzisha, kwa sababu nilipendelea kumhukumu mwanangu kuliko kumhukumu mtoto wa watu. Tungeweza kumaliza siku ile ile. Lakini mashahidi wa hiba tulikuwa sisi hakamu wenyewe, na hilo halikunikaa vizuri. Nikasema twende kwanza tukaulize benki imeandika nini.

Tulikwenda sisi wawili pamoja na mwanangu. Aliyetupokea alikuwa binti wa bara, mpole, mwenye Kiswahili cha haraka. Alifungua mkataba kwenye kompyuta yake.

"Mzee, hili gari ni la benki," akasema. "Benki ilinunua, ikamkodishia mwanao. Akimaliza kodi zote, hapo ndipo benki inamwachia. Logbuku, cheti cha gari, ina jina lake na jina la benki pamoja, lakini mwenye gari kwa sasa ni benki."

Mjomba akajisogeza mbele. "Kwa hivyo huyu kijana ni mpangaji."

"Ni kama mpangaji, ndiyo."

"Na mpangaji anaweza kumpa mkewe nyumba ya watu?"

"Hapana, mzee."

Mjomba akanigeukia. "Maalim, tumekula halwa ya nyumba ya watu."

Yule binti hakuelewa tulichocheka. Lakini mimi nilielewa vizuri. Sharti la hiba ni mtoaji awe anakimiliki anachokitoa. Vitabu vyangu vinasema hivyo, na benki ilikuwa imesema hivyo hivyo kwa maneno yake. Mkataba ulikuwa halali kweli. Hiba ndiyo haikuwapo. Uhalali wa kimoja tuliufanya uhalali wa cha pili, na nadhani ni kosa la watu kama sisi, ambao tukikwisha kusikia neno halali hatuulizi tena.

Nikamwuliza binti kuhusu malipo yaliyotoka kwenye simu ya mwanamke. Akasema benki huandika kodi imelipwa, haiandiki imelipwa na nani. Wakienda mahakamani, au kwa kadhi, huenda huko wakaangalia nani alichangia nini. Yeye hawezi kulisemea hilo. Lipo jambo moja analoweza kulisema: mkataba unaweza kuhamishwa. Mwanangu akijitoa kwa hiari, na mwanamke akaleta wadhamini wawili wenye karatasi za mshahara, benki itaandika naye mkataba kwa muda uliobaki.

"Nijitoe?" mwanangu akasema.

"Ni hiari," binti akamjibu.

Mwanangu akainuka, akatutangulia mlangoni.

Mimi ndiye niliyempelekea mkaza mwanangu habari. Alikuwa akikanda unga. Nilimweleza taratibu, kama ninavyowaeleza watoto mlango mgumu wa fikihi, naye hakunikatiza.

"Kwa hivyo nimekuwa nikilipia gari la nani, baba?"

"La benki."

"Na nikimaliza?"

"Kwa mkataba ulivyo sasa, litakuwa la mwanangu."

"Naye ataniambia ahsante," akasema, akaendelea kukanda.

Ijumaa ile mwanangu alikuja baada ya sala, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Mjomba alikuwapo, alikuwa amekuja kula nasi mchana. Mwanangu hakukaa. Akasema, mbele ya mama yake, kwamba amefikiri na anataka kumrejea mkewe.

Mke wangu alipiga kigelegele. Sikumlaumu. Mimi nilimshika mwanangu mkono nikamwambia, "Usilitamke neno lenyewe bado." Ndani ya eda mume hahitaji nikaha mpya wala mahari. Akisema amemrejea, amekwisha mrejea, na hakuna hakamu wa kulirudisha neno lile. Na rejea imewekwa kwa ajili ya wema, haikuwekwa kwa ajili ya kumfunga mtu.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na sauti ya mwanamke ikatoka ndani.

"Muulizeni. Anataka kunirejea mimi, au anataka kulirejea gari?"

"Mimi ni mumeo!" mwanangu akasema.

"Wiki jana alikuwa mwenye gari."

Mke wangu akamwambia mkaza mwanawe anyamaze. Mjomba akamwambia mke wangu, "Mwache, shemeji. Swali ni zuri, ameniokoa kuliuliza mimi." Tukamwita mwanangu kibarazani, tukamweka kati yetu. Mjomba hakufanya maskhara safari hii.

"Tuseme kesho benki imekuja, imechukua gari lake, imeondoka. Mpwa wangu yuko kwenye feri na ndoo zake kama zamani. Umekuja kumpokea ng'ambo, umembebea ndoo moja. Wamtaka?"

Mwanangu alitazama viatu vyake. Tulingoja. Mimi nimezoea kungoja majibu ya watoto wasiojua somo, na najua tofauti ya kimya cha anayetafuta na kimya cha aliyekwisha pata.

"Sijui, mjomba," akasema mwishowe.

"Haya," mjomba akasema. "Hilo ni jibu."

Nilimshukuru Mungu kwamba hakusema uongo. Angeweza. Neno moja lingetosha, mama yake angefurahi, na mwanamke angebaki ndani ya ua wangu pamoja na gari, vyote viwili kwa jina la mtu asiyejua kama anavitaka. Badala yake alieleza kilichokuwa kikimtisha, na hakikuwa kitu kibaya. Aliogopa kufungwa na mkataba wa gari analoendesha mtu asiyekuwa mkewe tena, na kila mwezi kungoja kujua kama amelipa.

"Basi jitoe," nikamwambia. "Ukijitoa huna cha kuogopa."

"Nitakuwa nimepoteza."

"Umepoteza nini? Umelipa mwezi gani?"

Akaenda zake Changamwe. Hatukumfuata kwa simu. Baada ya siku kadhaa alinipigia mwenyewe, akasema niwaambie benki atakuja.

Ikabaki kazi ya wadhamini. Mjomba alimleta mwanawe, mwalimu wa shule ya msingi, na huyo hakuwa na taabu. Wa pili hakupatikana. Mkaza mwanangu aliuliza jamaa zake, na kila mmoja alikuwa na mkopo wake, au mke aliyekataa, au simu iliyozimika. Nilijitolea mimi, na yule binti wa benki akaniambia kwa heshima kwamba umri wangu umepita. Siku ya miadi ikafika tukaenda hivyo hivyo, na mdhamini mmoja, kwa kutumaini kwamba benki italegeza.

Haikulegeza. Binti aliweka karatasi za kujitoa mbele ya mwanangu, na kalamu, kisha akasoma za mwanamke, akasita.

"Mdhamini wa pili hayupo," akasema. "Bila yeye siwezi kuandika mkataba mpya. Na huyu akijitoa leo kabla ya mpya kuandikwa, gari linarudi benki."

Mkaza mwanangu alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mkoba. Kama gari lingerudi benki, basi alichokuwa amelipa kingekuwa kimelipia safari tu, na asubuhi ingekuwa feri. Kama mwanangu asingejitoa, gari lingebaki lake kwa karatasi, na hakuna mtu pale ambaye angemlaumu, maana sababu ilikuwa wazi na haikutoka kwake. Niliona kwamba mwanangu analijua hilo. Kalamu ilikuwa mkononi mwake.

"Mdhamini ni mtu yeyote mwenye karatasi ya mshahara?" akamwuliza binti.

"Yeyote."

"Hata mimi?"

Binti akanitazama mimi, kisha akamtazama mwanamke. "Hakuna sheria inayokataza."

"Sitaki hisani yako," mkaza mwanangu akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha moja kwa moja tangu talaka.

"Si hisani."

"Ni nini? Nikichelewa watakuja kwako. Si ndilo ulilokuwa ukililia?"

Mwanangu hakumjibu yeye. Alimwambia yule binti, kama mtu anayetoa ushahidi, "Huyu hajawahi kuchelewa. Gari lilikuwa limefungiwa uani na bado alilipa. Andika jina langu."

Mimi na mjomba hatukuwa tumehukumu hivyo. Halikuwa limetupitia akilini. Mwanamke akatazama mbele, akasema, "Andika." Wakatia sahihi, mmoja baada ya mwengine, na binti akapiga mihuri yake.

Tuliporudi nyumbani nilimpa mkaza mwanangu ufunguo, nikasema mbele ya wote kwamba amana imetoka mkononi mwangu. Akaingia garini, akawasha. Halikuitika. Betri ilikuwa imekufa kwa kukaa.

"Amana yako imeua, maalim," mjomba akasema.

Gari lilikuwa la gia za mkono, kwa hivyo lilisukumika. Tukajipanga nyuma, mimi, mjomba, mwanawe mwalimu, na mwanangu katikati, mke wangu akituelekeza kutoka kibarazani kama rubani wa bandari. Tukalitoa langoni, tukalipeleka mpaka kwenye mteremko, likakohoa, likakohoa tena, likawaka. Yeye hakusimama kutushukuru, maana lingezimika. Alitoa mkono dirishani, akaenda kulizungusha barabarani mpaka betri ipate nguvu.

Watu huniuliza kama sasa gari ni lake. Huwajibu kwamba si lake, ni la benki, na wala si la mwanangu. Lakini anayelipa na anayengojea kuwa mwenye gari wamekuwa mtu mmoja, na kwa hilo namshukuru Mungu. Mke wangu aliuliza swali zito zaidi, jioni ile ile, tulipokuwa tukinawa.

"Kwa hivyo wameachana, au hawajaachana?"

"Wameachana."

"Naye amemdhamini."

"Amemdhamini."

Akatikisa kichwa. Asubuhi yake mkaza mwanangu aliondoka na masufuria yake kwa njia ya Dongo Kundu, na mchana alirudi nayo matupu. Akaliegesha gari pale pale uani, akaingia chumbani mwake, akaendelea na siku zake za eda zilizobaki.